Anayecheza na Anayechezesha: Nafasi, Utani na Mhusika katika Tamthilia Tatu za Kiswahili

Utangulizi

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo ambayo lugha nyingi huyatenga. Watoto hucheza uani, timu hucheza mpira, wazee hucheza bao barazani, wanawake hucheza lelemama, na waigizaji hucheza jukwaani. Kitenzi hicho kikinyambuliwa huzidi kufichua mambo. Anayechezea kitu hakithamini wala hakiogopi. Ndiyo maana wahenga wakaonya kuwa mchezea tope humrukia. Anayechezewa amepunjwa au amedharauliwa. Anayechezesha, naye, aghalabu hachezi mwenyewe: ni refa anayechezesha mechi, au kungwi anayewachezesha wari unyagoni. Yeye ndiye ajuaye kanuni, na ndiye mwenye idhini ya kutangaza kwamba mchezo umekwisha.

Makala haya yanauchukua mnyambuliko huo kuwa chombo cha uhakiki. Wazo kwamba maisha ya mwanadamu ni mfululizo wa nafasi anazoigiza mbele ya wenzake, na kwamba jamii ni mkusanyiko wa michezo ya makundi, ni wazo kongwe, nalo limezoeleka mno hata makali yake yamepungua. Likitajwa darasani, mjadala huishia kwenye suala la unafiki: je, nyuma ya barakoa mtu huyu ni nani hasa? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba swali hilo si la kwanza. Swali la kwanza ni nani aliyezigawa nafasi, na iwapo aliyepewa nafasi anaweza kuirudisha au kuibadilisha. Kwa kuzingatia Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971) za Ebrahim Hussein, pamoja na Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando, itaonyeshwa kwamba tamthilia ya Kiswahili imeliuliza swali hili kwa kina kuliko nadharia ambazo kwa kawaida huletwa kuifafanua.

Jukwaa na Uwanja

Nadharia mbili za karne ya 20 zimeathiri sana fikra za wasomi juu ya suala hili. Ya kwanza ni ya mwanahistoria wa Kiholanzi, Johan Huizinga, ambaye katika Homo Ludens (1938) alishikilia kwamba mchezo si pambo la utamaduni bali ni mojawapo ya misingi yake. Kwa mujibu wa Huizinga, mchezo huingiwa kwa hiari, una mipaka ya mahali na ya muda, una kanuni zake, na umetengwa na shughuli za kawaida za maisha. Alitofautisha pia mdanganyifu na mvunja mchezo. Mdanganyifu hujifanya anafuata kanuni, na kwa kujifanya huko huuacha mchezo ukisimama. Mvunja mchezo huukana ulimwengu mzima wa mchezo, na kwa sababu hiyo kundi humchukia zaidi.

Ya pili ni ya Erving Goffman. Kitabu chake, The Presentation of Self in Everyday Life, kilitoka Edinburgh mwaka 1956 na kupanuliwa mwaka 1959. Goffman aliyaeleza mahusiano ya kila siku kwa istilahi za tamthilia. Watu huwa na sehemu ya mbele ya jukwaa, ambako hudhibiti namna wanavyoonekana, na sehemu ya nyuma, ambako hupumzika na kujiandaa. Makundi ya waigizaji hutunziana siri, na hadhira yenyewe mara nyingi hushiriki kwa kujifanya haikuona kosa lililotendeka.

Nadharia hizi zina manufaa, lakini kila moja ina dhana inayostahili kutiliwa shaka. Huizinga aliichukulia hiari kuwa sifa ya lazima ya mchezo. Je, itakuwaje kwa michezo ambayo mtu huzaliwa ndani yake? Goffman, naye, alimchunguza zaidi mtu aliye na sehemu ya nyuma ya jukwaa anakoweza kurejea. Ni kweli kwamba katika Asylums (1961) yeye mwenyewe alionyesha jinsi hospitali za wagonjwa wa akili na taasisi za aina hiyo zinavyomvua mtu hata faragha hiyo. Hata hivyo, wahakiki wanaomnukuu wamekipenda zaidi kitabu cha kwanza, na taswira ya mtu anayevaa na kuvua nafasi zake kama kanzu ndiyo iliyotawala.

Istilahi ya Kiswahili yenyewe inatoa tahadhari juu ya taswira hiyo. Mtu wa ndani ya kazi ya fasihi haitwi mvaa barakoa wala mwigaji. Huitwa mhusika, yaani mtu ambaye jambo linamgusa, asiyeweza kudai kuwa hayamhusu. Mwigizaji huenda nyumbani pazia likifungwa, lakini mhusika hana nyumba nje ya mkasa wake. Tamthilia tatu zinazojadiliwa hapa zinahusu watu waliodhani kuwa ni waigizaji, wakagundua kuwa ni wahusika.

Utani: Uadui Uliogeuzwa Mchezo

Kabla ya kuzigeukia tamthilia hizo ni vyema kutazama michezo ya makundi ambayo jamii za Afrika Mashariki zilijiundia zenyewe. Mfano ulio wazi zaidi ni utani wa Tanzania. Utani ni uhusiano wenye kanuni baina ya makabila, koo, au jamaa maalumu kama vile babu na mjukuu. Mtani ana ruhusa ya kumkejeli mtani wake, hata kumchukulia kitu, na anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Msibani, mahali ambapo mgeni angetarajia unyenyekevu, watani huigiza mwendo na maneno ya marehemu mbele ya wafiwa na kudai kitu kidogo ndipo shughuli iendelee. Watani hao hao ndio wanaoshika kazi za mazishi ambazo wafiwa hawana nguvu za kuzifanya.

Chanzo cha utani baina ya makabila mara nyingi huelezwa kwa historia ya vita na ya misafara ya biashara ya karne ya 19. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne hiyo. Vizazi vilivyofuata vikawa watani. Wanyamwezi waliosafiri hadi pwani walipitia nchi ya Wazaramo, na njia hiyo ikazaa utani. Kwa maneno mengine, utani ni uadui au ugeni uliogeuzwa mchezo. Aliyekuwa hatari kwa jirani yake amepewa nafasi inayomruhusu kuitaja hatari hiyo kwa kicheko.

Masharti ya mageuzo hayo ni matatu. Kwanza, vita viwe vimekwisha. Pili, pande zote mbili ziwe zinavikumbuka na kukubaliana kwamba vilikuwapo. Bila kumbukumbu hiyo utani unakuwa matusi matupu. Tatu, nafasi ziwe zinabadilishana: anayetania leo hutaniwa kesho, na kwenye msiba wake mwenyewe hataweza kuwafukuza watani. Sharti hili la tatu ndilo linalomzuia yeyote asiwe mchezeshaji wa kudumu.

Ngoma ya beni, iliyoibuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi Tanganyika, inatoa mfano wa aina nyingine. Terence Ranger, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975, alipinga maelezo kwamba beni ilikuwa uigaji mtupu wa gwaride la wazungu. Vyama vya beni, kama Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo vya kingi na jenerali, vilikuwa na sare, na vilishindana kwa maandamano na nyimbo. Mtu aliyepokea amri mchana kutwa aliweza jioni kuwa mwenye kutoa amri, tena mbele ya hadhira iliyomjua kwa jina. Hapa ndipo methali mcheza kwao hutunzwa inapopata uzito wake, kwani mchezo hupata thamani mbele ya watu wanaomhusu mchezaji. Hata hivyo, cheo cha beni hakikuweza kuvuka mpaka wa uwanja. Asubuhi ilipofika, mchezeshaji mkuu, yaani serikali ya kikoloni, alikuwa bado pale pale.

Kinjeketile: Nafasi Kubwa Kuliko Mtu

Katika Kinjeketile, Hussein anachukua kisa cha Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 na kukifanya uwanja wa kuchunguza uhusiano wa mtu na nafasi aliyopewa na kundi. Kinjeketile anapandwa na Hongo, anaingia katika maji ya Rufiji, na anatoka akiwa na maji ya dawa na ujumbe wa umoja. Watu waliokuwa wakitiliana shaka wanakusanyika. Kwa upande mmoja, huu ni ufanisi mkubwa wa mchezo wa kundi: neno moja limeziunganisha koo zilizogawanyika.

Kiswahili cha kilinge kina istilahi inayofaa kueleza hali ya Kinjeketile. Mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Pepo huketi juu yake na kusema kwa kinywa chake. Katika uganga wa pwani, jambo la muhimu ni kwamba kuna fundi, kuna wateja wa kilinge, na kuna utaratibu wa kumtaka pepo ajitaje, adai kilemba chake, na ashuke. Kinjeketile hana fundi wa kumshusha Hongo. Anaporejewa na akili zake, na kutambua kwamba ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said ina maana ya kubadilisha bwana mmoja kwa mwingine, anatikiswa na maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe. Lakini kundi halimhitaji Kinjeketile mwenye shaka. Linamhitaji Kinjeketile mwenye maji. Anapotaka watu wangoje, vita vinaanza bila idhini yake.

Ni rahisi kuusoma mkasa huu kama mkasa wa mdanganyifu aliyeshikwa na uwongo wake. Usomaji huo unakwama kwenye tukio la mwisho. Akiwa mikononi mwa Wajerumani, Kinjeketile anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uwongo, naye anakataa, kwa kufikiria yale ambayo kukiri huko kungeyafanya katika vizazi vijavyo. Angekuwa mwigizaji, angevua nafasi yake na pengine kuokoa maisha yake. Anachokitambua ni kwamba nafasi hiyo si mali yake tena. Waliokufa kwa ajili yake wana haki juu yake, na hata watakaozaliwa wana haki hiyo. Kukataa kwake si ithibati kwamba anayaamini maji. Ni kukubali kwake kuwa mhusika. Kwa msimamo huu Hussein anapindua mizani ya unafiki na ukweli: mtu anaweza kuishikilia nafasi asiyoiamini kikamilifu, na bado akawa mkweli zaidi kuliko ambavyo angekuwa kwa kuikana.

Nguzo Mama: Nafasi Nyingi kwa Mtu Mmoja

Ikiwa Kinjeketile inahusu mtu mmoja aliyemezwa na nafasi moja, Nguzo Mama inahusu watu waliogawanywa na nafasi nyingi. Wanawake wa kijiji cha Patata wamekusanyika ili waisimamishe nguzo. Bi Msimulizi anawatambulisha na kuwaunganisha na hadhira kwa mbinu za utambaji wa ngano. Wanawake wenyewe wanaitwa kwa namba, kama vile Bi Pili na Bi Nane, mithili ya wachezaji waliopewa fulana uwanjani. Kazi yao inahitaji kitu kimoja tu: wote wainue kwa pamoja.

Hawainui kwa pamoja. Mmoja baada ya mwingine anaitwa na nafasi nyingine aliyo nayo. Yuko mwenye mume wa kumshughulikia, yuko mwenye riziki ya kutafuta, na yuko mjane ambaye ndugu za marehemu mumewe wanamnyang'anya mali. Ugomvi unazuka baina yao, na nguzo inabaki chini. Wahakiki wengine wameliona jambo hili kuwa ni shutuma dhidi ya wanawake kwa kukosa umoja. Ufafanuzi huo unasahau kuuliza ni nani aliyewachezesha. Agizo la kuisimamisha nguzo limewafikia likiwa tayari na kauli mbiu zake, lakini hakuna hata nafasi moja ya nyumbani iliyopunguzwa ili nafasi hii mpya ipate mtu wa kuibeba. Mwanamke anaitwa uwanjani bila ya kuruhusiwa kutoka jikoni.

Hapa ndipo Muhando anapoirekebisha taswira ya Goffman. Kwa wanawake wa Patata nyumba si sehemu ya nyuma ya jukwaa wanakokwenda kupumzika kutokana na kazi ya hadhara. Nyumbani ndiko kwenye hadhira kali zaidi na nafasi zisizokuwa na mapumziko. Namba walizopewa badala ya majina, basi, si ishara tu ya uwakilishi wa kijumbe. Zinaashiria namna mchezeshaji anavyowaona: nafasi inayoweza kujazwa na yeyote. Mikasa yao, ambayo Bi Msimulizi anaihadithia mmoja mmoja, ndiyo inayoirudishia kila namba sura yake.

Mashetani: Mchezo Uliogeuka Uadui

Mashetani ilitangulia Nguzo Mama kwa zaidi ya mwongo mmoja, lakini inajadiliwa mwisho kwa sababu inakabiliana na tatizo lililo gumu zaidi, yaani mchezo baina ya makundi mawili ambayo historia imeyakosanisha. Vijana wawili wasomi, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo chini ya mbuyu. Juma ni Shetani, Kitaru ni Binadamu. Ni mchezo ulioingiwa kwa hiari, wenye mahali na muda wake. Kwa vigezo vya Huizinga haukosi kitu. Lakini baada ya mchezo Kitaru anaugua, na urafiki wao unaanza kupasuka.

Tafsiri iliyozoeleka huona katika Shetani ishara ya ukoloni na ukoloni mamboleo, na katika Binadamu ishara ya Mwafrika aliyejidhania kuwa huru. Tafsiri nyingine hutilia mkazo matabaka. Juma anatoka katika ukoo uliokuwa na mali na heshima ukavipoteza, jambo ambalo wahakiki wengi wamelihusisha na Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Bibi yake anaendelea kuishi katika kumbukumbu za enzi hiyo. Kitaru anatoka katika familia iliyoneemeka baada ya uhuru. Tafsiri zote mbili zina msingi. Kilichoachwa bila kuelezwa vya kutosha ni kwa nini Hussein aliamua kwamba ukweli huo utokeze kwa njia ya mchezo, na kwa nini mchezo huo unamdhuru mchezaji.

Jibu linapatikana katika jinsi nafasi zilivyogawanywa. Katika mchezo, kijana wa ukoo ulioanguka ndiye mwenye nguvu, na kijana wa familia inayoinuka ndiye mnyonge. Mgawanyo huo unafuata historia ya jana. Majumbani mwao, mambo yanafuata hali ya leo, ambayo ni kinyume chake. Kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kumtazama mwenzake na kumwona shetani: mmoja kwa sababu ya yale ambayo jamaa za mwenzake waliyatenda, na mwingine kwa sababu ya yale ambayo jamaa za mwenzake wameyapata. Hawakuzichagua nafasi hizi chini ya mbuyu, walizikuta. Mchezo uliwafunulia tu kwamba walikuwa wakiucheza tangu zamani, na ndiyo sababu Kitaru hawezi kuuacha pale mtini na kwenda zake. Ugonjwa wake ni ugonjwa wa mtu aliyemtafuta mchezeshaji asimwone.

Tukio hili likilinganishwa na utani, muundo wake unadhihirika. Utani huuchukua uadui na kuufanya mchezo. Mashetani inauonyesha mchezo ukirejea kuwa uadui. Masharti matatu yaliyotajwa hapo juu yote yamekosekana. Vita havijakwisha: miaka 7 tu inayatenganisha Mapinduzi na kuchapishwa kwa tamthilia, na majeraha yangali wazi. Kumbukumbu si ya pamoja, kwa kuwa anachokiomboleza bibi ya Juma ndicho ambacho wengine walikisherehekea. Na nafasi hazibadilishani, kwa sababu kila mmoja anaamini kuwa mwenzake ndiye aliye juu. Bila masharti hayo hata kicheko cha marafiki wawili waliosoma vitabu vile vile hakiwezi kuwakinga.

Wala uganga hautoshi. Katika kilinge, shetani hutoka nje na kumpanda mtu. Akijulikana jina lake, anaweza kupatanishwa na kiti chake. Mashetani ya Hussein hayakutoka nje. Yamo katika uhusiano wa vijana wawili, na uhusiano hauwezi kupungwa kwa kumtibu mgonjwa mmoja na kumwacha mwenzake. Ngoma ya kuwaponya ingehitaji wote wawili wawe viti, na hadhira iliyo tayari kusikia majina yote mawili yakitajwa. Tamthilia haitoi ngoma hiyo. Inaonyesha tu umbo la pengo ambalo ngoma hiyo ingelijaza.

Hitimisho

Uchambuzi huu una maana mbili, moja ya kitaaluma na nyingine ya kijamii. Kitaaluma, desturi ya kuwaainisha wahusika kuwa bapa, duara, wakuu na wasaidizi, ambayo imeota mizizi katika shule na vyuo vya Kenya, inampima mhusika kana kwamba sifa zake ni mali yake binafsi. Kwa mizani hiyo Bi Pili ni bapa na Kinjeketile ni duara, na mjadala unafungwa. Mizani inayopendekezwa hapa inauliza maswali mengine: ni nani aliyeigawa nafasi ya mhusika huyu, ana njia gani ya kuirudisha, na iwapo hana, anaishikiliaje? Kwa maswali hayo ubapa wa Bi Pili unakuwa hoja ya tamthilia, si kasoro yake ya kifani.

Kijamii, suala hili linaigusa Kenya kwa namna ya pekee. Vichekesho vya lafudhi na tabia za makabila vimechezwa kwa miaka mingi katika majukwaa na redio za nchi hii, na hadhira za makabila yote zimevicheka pamoja. Wengi waliviona kuwa ithibati ya kuzoeana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakahama makwao, wengi kwa mikono ya watu waliowajua. Kicheko kilikuwapo, lakini utani haukuwapo, kwani haikuwahi kukubaliwa baina ya pande zote kwamba kulikuwa na madeni gani, ya ardhi na ya damu, yaliyohitaji kutajwa kabla ya kucheka. Mashetani ilikuwa imekwisha kulionyesha pengo hilo mwaka 1971, kwa kutumia vijana wawili na mti mmoja.

Kusema kwamba maisha ni mchezo, basi, si kuyadharau maisha wala kuyapunguzia uzito. Ni kuwajibika kumtafuta anayechezesha, na kuuliza kama wachezaji wamewahi kukaa chini na kukubaliana juu ya kanuni.